Barua kwa mwanangu: watu wake kwanza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea, nasi hapa Muheza hatujambo, isipokuwa mama yako na goti lake. Umeniuliza kama katika daftari unaloliandaa, la maisha ya wakazi wa mtaa wetu waliofariki tangu mwaka jana, jirani yetu wa mpaka wa michungwa aandikwe na ugomvi wake au asitiriwe. Nitakujibu, ila nianze na wale ambao hawakuacha hata ugomvi wa kuandikwa.

Nimekwambia tangu ukiwa mdogo, wala sitachoka kulirudia: mtu aandikwe kwa watu wake kwanza, ndipo vyeo vyake vifuate. Rasimu uliyonitumia ya maisha ya mwalimu imejaa vyuo, vyeti na miaka ya kupandishwa daraja, mambo yaliyokwisha kusomwa siku ya maziko, lakini haimtaji kabisa dada yake aliyeuza maandazi mpaka yeye akahitimu. Mfupishe mwalimu. Hatapungukiwa.

Unajua kwamba nilikuwa karani katika shamba la mkonge, na kwamba msiba ukitokea kambini mimi ndiye niliyeandika tangazo la kupelekwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Matangazo yale yalikuwa na mwendo wake: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani wa Bukoba, fulani wa Nzega, fulani wa Lindi, hata msikilizaji asiyemjua marehemu akawa ameuona ukoo mzima ulivyotawanyika nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifariki mzee mkata mkonge, yule aliyechonga bao ambalo sasa liko kwa shangazi yako. Nikaketi, nikaandika jina lake, nikaandika kwamba amefariki, nikafika kwenye "habari ziwafikie", na hapo kalamu ikasimama. Faili lake lilikuwa na namba, na jina alilojiandikisha nalo alipoletwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokusanya vibarua, pamoja na manamba wenziwe, yaani vibarua wa mkataba, enzi za Mwingereza, na mahali alikotoka palijazwa neno moja: Kigoma. Kigoma ni mkoa mzima! Wazee wa kambi walibishana, mmoja akisema huyu ni mtu wa Kasulu, mwingine akiapa kwamba alivuka kutoka Burundi, na wa tatu akakumbuka tu kwamba homa ilipompanda aliita jina la mwanamke, jina ambalo hakuna aliyelishika. Tukamzika alasiri ile ile. Tangazo likasomwa: habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo. Nililisikia mwenyewe, limebanwa katikati ya matangazo yenye majina kumi kumi, na hadi leo linanichoma. Hakuja mtu, wala barua.

Historia ya mkonge imehifadhi kwamba mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani aliyeuleta mkonge huku kwetu, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Miche ilihesabiwa mmoja mmoja, mwanangu, na mtu aliyeyakata majani yake maisha yake yote hakuna aliyeandika jina la mama yake.

Lakini mara nyingine najiuliza: je, ikiwa alinyamaza kwa kupenda kwake? Wapo waliokwenda mkongeni wakikimbia kodi, au deni, au nyumba isiyokalika, na mtu wa namna hiyo huenda aliona raha kutojulikana. Mimi ni nani hata nimtafutie ukoo alioukwepa? Hoja hiyo ina uzito, nami sijaishinda. Hata hivyo, aliyekusudia kuwasahau watu wake hawaiti kwa majina usiku wa homa. Nabaki palepale: watu wake kwanza.

Sasa tuje kwa jirani. Ni kweli alitupeleka baraza la kata kwa ajili ya miti michache ya michungwa, na ni kweli hakuamkiana na babu yako hadi babu anaingia kaburini. Na kaburi lenyewe alilichimba yeye, alitangulia makaburini na jembe lake mvua ikinyesha, akachonga mwanandani kwa mkono wake bila kusubiri kuombwa. Wazee wetu walitufundisha kwamba marehemu hutajwa kwa mema yake. Mimi naona ukimwandika mema matupu, atakayesoma atadhani ni mtu mwingine. Kisha nakumbuka kwamba mjane wake atasomewa, na kwamba wajukuu zake wako darasa moja na watoto wa kaka yako, nami narudi nyuma. Ukinibana sana, ningeutaja mpaka na kaburi katika sentensi moja. Basi, nisikuamulie, maana daftari ni lako, ingawa nasema hivyo kwa shida.

Ila usiandike lolote kabla mjane hajamaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi, ambayo itakwisha mwezi ujao. Akishatoka, nenda wewe mwenyewe, usimpigie simu, umwulize mumewe aliwaacha akina nani huko Lushoto alikozaliwa, kila mmoja kwa jina lake, kwani nasikia yuko dada mmoja aliye hai. Ukiyapata majina hayo nitumie niyaone, kabla hujaanza mstari wa kwanza.

Baba yako