Kwa nini risasi ya greni 168 huyumba ikifika yadi 1,000

Ndugu, umeuliza kwa nini risasi zako za .308 (yaani kipenyo cha inchi 0.308) za greni 168 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), ambazo kwa yadi 600 hukaa pamoja vizuri, hutawanyika unapohamia yadi 1,000 pale Stickledown, uwanja wa kulenga shabaha wa Bisley, Uingereza, na kama dawa yake ni kuongeza baruti. Risasi hizo nimezitumia katika uwanja huohuo, na kwa maoni yangu tatizo haliko kwenye baruti bali kwenye mkia wa risasi yenyewe.

Risasi hiyo, MatchKing ya greni 168 ya kampuni ya Sierra, ilibuniwa kwa mashindano ya mita 300. Kitako chake kimechongwa kikapungua ghafla, kwa pembe ya nyuzi 13 hivi, na kwa umbali ule hakina ubaya wowote. Matata huanza mwendo unaposhuka kuikaribia kasi ya sauti, yaani mita 340 hivi kwa sekunde. Hapo mawimbi ya mgandamizo yanayoizunguka risasi huanza kuhama, msukumo wa hewa husogea kuelekea ncha, na risasi yenye mkia wa namna hiyo hushindwa kuuzima mtikisiko wake. Wengi hudhani imeishiwa mzunguko kama pia ya watoto inayotaka kuanguka, kumbe risasi hupoteza mwendo upesi kuliko inavyopoteza mzunguko: bado inazunguka kwa nguvu, ila ncha yake inachora duara linalozidi kupanuka.

Ukipangiwa zamu ya kupandisha na kushusha shabaha, ukiwa handakini chini yake, tega sikio. Risasi iliyo juu ya kasi ya sauti hupita na mlio mkali, mkavu. Iliyoshuka chini yake haina mlio huo, na pengine husikii ila karatasi ikitoboka. Kabla ya kubandika kiraka, litazame tundu. Likiwa duara safi, vema. Likiwa limerefuka upande mmoja, risasi ilifika imeinama.

Greni 175 ya kampuni hiyohiyo ina mkia wa nyuzi 9 hivi, nayo huvuka mpaka wa sauti kwa utulivu zaidi. Kigezo chake cha balistiki, yaani namba inayoonyesha jinsi risasi inavyoshinda ukinzani wa hewa, kwa kipimo cha G1 ni 0.505, cha 168 ni 0.462, na ukizitazama namba hizo peke yake utadhani ni tofauti ya uzito tu. Mimi siziamini sana namba za G1 kwa masafa haya, kwa sababu kipimo hicho kilijengwa juu ya risasi fupi yenye kitako bapa. G7, iliyotokana na risasi ndefu yenye mkia mwembamba, hukaribia zaidi hali halisi.

Ikiwa unashindana katika daraja linalotaka risasi isiyofika greni 156, chagua 155 zilizobuniwa kwa masafa marefu, ambazo wepesi wake huzipa kasi ya kutosha kufika yadi 1,000. Zenye ncha ndefu sana hupata ukinzani mdogo wa hewa, lakini ni rahisi kusumbua: kina cha kuziketisha kwenye ganda kikibadilika kidogo tu, huanza kutawanyika.

Baruti usiiongeze kupita jedwali la mtengenezaji. Kabla ya kununua 175, pima mtutu wako: ikiwa mtutu huo huizungusha risasi mara moja kwa kila inchi 12 au pungufu, utazimudu.