Kipimo cha presha ya ndani ya fuvu: maswali yenu

Swali: Mwanangu ana miaka minane, aliwekewa mpira wa kutoa maji kichwani akiwa mchanga. Kila kichwa kikimuuma tunaandikiwa picha ya CT. Nasikia kuna kipimo kinachopandikizwa. Kinafanyaje kazi?

Jibu: Pole sana, mama. Kichwa kikimuuma mtoto mwenye mpira, huenda mpira umeziba na presha ya ndani ya fuvu imepanda, au unatoa maji kupita kiasi na presha imeshuka. Dalili hufanana, na CT haipimi presha. Huonyesha ukubwa wa vyumba vya maji ndani ya ubongo, tena kwa mionzi kila safari. Kipimo kiitwacho M.scio, cha kampuni ya Miethke ya Potsdam, Ujerumani, ni kidude cha titani kinachounganishwa na mpira wenyewe, chini ya ngozi ya kichwa. Hakina betri. Daktari husogeza kifaa cha kusomea juu ya ngozi, mawimbi yake hukipa nguvu, nacho hurudisha namba ya presha. Hakuna sindano, hakuna kulazwa.

Swali: Kwa nini mgonjwa apimwe amelala, halafu amesimama?

Jibu: Presha hufuata mkao. Mtu mzima mwenye afya akilala huwa na milimita za zebaki 7 hadi 15 hivi. Akisimama hushuka karibu na sifuri, hata chini yake. Mpira unaotoa maji mno hujifichua hapo: amelala, namba nzuri, akiinuka, inaporomoka na kichwa kinaanza kugonga. Namba ya kitandani peke yake isiwatulize.

Swali: Nikiwekewa, mpira utatolewa?

Jibu: Hapana. Kinapima tu, maji yanatolewa na mpira.

Swali: Kinaweza kukosea?

Jibu: Ndiyo. Miaka ikipita namba huweza kusogea kidogo kidogo, na kikishakuwa ndani si rahisi kukirekebisha. Ndiyo maana daktari mzuri hulinganisha namba za leo na za zamani za mgonjwa yuleyule, na humsikiliza mgonjwa kabla ya mashine.

Swali: Mdogo wangu ana mpira, tangu jana anatapika na hashtuki akiitwa. Tutafute kipimo hiki wapi?

Jibu: Msitafute kipimo. Mpelekeni sasa hivi hospitali yenye wapasuaji wa ubongo, na mkifika mlangoni semeni kwanza kwamba ana mpira kichwani.