Nauli ya Dar

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama naweza kukupa laki mbili uhamie Dar kwa mama yako mdogo, kwa kuwa Arusha hakuna kazi na barua 60 hazijajibiwa. Nimeisoma hiyo barua uliyonitumia. Inafaa hoteli, inafaa shule, inafaa hata duka la mbolea. Barua ya kila mtu haina msomaji.

Una diploma ya uhasibu, na mafunzo kwa vitendo uliyafanyia kampuni ya utalii pale Njiro. Basi shika utalii. Andika kampuni 15 daftarini, kila moja na ukurasa wake: mhasibu ni nani, wanapandisha wageni mlimani au wanawapeleka Serengeti, magari ni yao au ya kukodi, umeongea na nani, utarudi lini. Kwenye CV futa “mchapakazi anayejituma”. Weka kazi ulizozifanya: kulinganisha taarifa za benki za akaunti ya dola na ya shilingi, kuomba control namba za malipo ya hifadhi, kutoa risiti za mashine ya kodi ya EFD, kuandaa ritani ya VAT. Mhasibu akiyaona hayo anajua hataanza kukufundisha kutoka sifuri.

Na tarehe uzitazame! Ukienda tarehe 5 hadi 7 utawakuta wanakimbizana na PAYE, kodi ya mishahara. 18 hadi 20 ni VAT. Nenda katikati, kama tarehe 11 hivi, asubuhi. Mwezi uwe Machi au Aprili. Najua utasema masika kampuni hupunguza watu. Kweli, sibishi. Lakini subiri Juni wageni waanze kumiminika uone kama kuna atakayeinua kichwa akusikilize.

Mjomba wako Elia unamkumbuka na lile bunda la bahasha za kaki. Alitoa kopi 40 pale Moshi mjini, jina la mwajiri akawa anajaza kwa kalamu. Hoteli moja ikapata barua inayosema anatamani kuhudumia “wanafunzi wenu”. Meneja akaisoma kwa sauti pale mapokezi, watu wakacheka, naye amesimama palepale. Na Elia alikuwa fundi umeme hodari kuliko yeyote waliyekuwa naye! Bibi yako hadi leo hataki kuziona bahasha hizo. Barua ya kila mtu, nilimwambia, haina msomaji. Labda nilimwambia mapema mno. Ilikuwa jioni ileile.

Huenda na wewe nakuonea. Barua 60 si uvivu.

Ajira Portal, ile tovuti ya kuomba kazi za serikali, usiiache, ila barua ya huko isainiwe, na vyeti vithibitishwe na mwanasheria.

Kuhusu Dar, wewe ni mtu mzima, siamui. Ningekuwa naamua… basi, nimenyamaza. Laki mbili ipo, nimeitenga. Jumapili tukitoka ibadani nipigie, unisomee ukurasa wa kwanza wa daftari.

Mama yako