Shikamoo, Mwalimu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni kitabu gani ulikimaliza upesi kuliko ulivyotarajia, na ungempa nani akisome?

Changu ni riwaya ya Kijapani ya Hiromi Kawakami, Sensei no kaban, yaani Mkoba wa Mwalimu, iliyotoka mwaka 2001. Niliisoma kwa Kiingereza, ambako inaitwa Strange Weather in Tokyo. Niliifungua treni ilipoondoka Dar es Salaam; tunaingia Dodoma nilikuwa nimebakiza kurasa 30 hivi, nikazimalizia usiku kwa dada yangu kabla sijalala.

Tsukiko, mwanamke wa miaka 37 asiye na mume, amekaa kaunta kwenye baa karibu na stesheni. Anaagiza jodari kwa soya iliyochachushwa, mizizi ya yungiyungi na vitunguu vidogo vya chumvi. Mzee wa kiti cha pili naye anaagiza vilevile, karibu kwa pamoja. Kumbe ndiye aliyemfundisha Kijapani sekondari, na anamzidi zaidi ya miaka 30. Tangu hapo wanakutana bila kupangana. Kila mtu anaagiza chake, anajimiminia mwenyewe, analipa chake. Mapenzi yanaingia taratibu mno, hata msomaji anayajua kabla ya wenyewe.

Jina kamili la mzee ni Harutsuna Matsumoto. Siku ile ya kwanza lilikuwa limemtoka Tsukiko, akajiokoa kwa kumwita Sensei, yaani Mwalimu, na Sensei akabaki. Nani kati yetu hajawahi kukutana na mwalimu wake wa zamani stendi, jina halikumbuki, akasema "Shikamoo, Mwalimu" na mambo yakaisha? Kijapani kinaweza kuliandika neno Sensei kwa namna tatu, na Kawakami anatueleza mwanzoni kabisa kwamba Tsukiko analiandika kwa katakana, herufi zinazotumika sana kwa maneno ya kigeni. Amelitoa shuleni akalifanya la mtu mmoja tu. Mfasiri wa Kiingereza aliliacha lilivyo. Sisi tungelipata bila jasho, maana tunajua tofauti ya mwalimu mwenye herufi ndogo na Mwalimu mwenye herufi kubwa. Ukisema Mwalimu tu hapa Tanzania, hakuna anayeuliza kama ni Nyerere.

Sehemu niliyoirudia mara tatu ni ile mzee anapomkaribisha Tsukiko nyumbani na kumtolea betri kuukuu. Hawezi kuzitupa, anazionea huruma kwa kuwa zimemtumikia. Kila moja ameiandika ubavuni ilikotoka, saa ya ukutani, redio, na kadhalika. Kisha anachukua kipimo, anazigusa moja baada ya nyingine aone kama mshale bado unatikisika. Marehemu babu yangu alikuwa akianika mawe ya redio juu ya bati ili yapate nguvu ya kumfikisha kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nilipofika hapo sikuangalia tena nje ya dirisha. Kwa maoni yangu, Tsukiko alishampenda pale pale, ingawa yeye mwenyewe hajui.

Halafu kuna ugomvi wa besiboli. Mzee anaishabikia Giants ya Tokyo, Tsukiko haitaki hata kuisikia. Redio ya baa inatangaza mechi, Giants inashinda, mzee anatabasamu, na kwa tabasamu hilo wananuniana siku nyingi, wakikaa kaunta ileile kama hawajuani. Waliokulia nyumba yenye Simba na Yanga hawahitaji kuelezwa zaidi.

Wapo wanaosema riwaya ya mapenzi inayoisha kwa siku moja ni ya kupotezea muda. Sikubaliani nao hata kidogo. Hii inakwenda upesi kwa sababu sura zake ni fupi na kila moja ina chakula chake na msimu wake: mara wako porini wanatafuta uyoga, mara wako kwenye sherehe ya maua ya mcheri, kila mmoja amekaa na mtu mwingine na roho haitulii. Unajiambia sura moja tu, kisha nyingine. Na wenyewe Wajapani hawakuidharau. Mwaka huohuo wa 2001 waliipa tuzo ya Tanizaki, mojawapo ya tuzo zao kubwa za fasihi. Mwisho wake una uzito ambao sitausema hapa, nisije nikamharibia mtu.

Ningempa nani? Kwanza yeyote ajuaye Kijapani na Kiswahili sawasawa, atufasirie moja kwa moja bila kupitia Kiingereza. Lakini nakala yangu haipo tena mikononi mwangu, dada aliikamata asubuhi yake. Jana usiku amenipigia simu kuniuliza kama nakumbuka babu alikuwa akiyaanika mawe yake upande gani wa bati.