Weka huo msasa chini kwanza

Umeandika kwamba boti yako ya faiba, ile ya kwenda nayo Naivasha, imepauka hadi ukiipapasa kiganja kinatoka na unga mweupe, na Jumamosi unaikwangua kwa msasa namba 80. Unauliza rangi upake kwa brashi au spreya. Tutafika huko.

Hujaondoa nta! Pesa za wenye boti huzama hapo, si ziwani. Boti hizi hupakwa nta na polishi miaka nenda miaka rudi. Halafu hapa Nairobi inalala kwenye trela, ikichafuka inapelekwa palepale gari linapooshwa, na kijana akimaliza anaipulizia dawa ya kung'arisha tairi, eti ipendeze. Ile ni silikoni. Msasa hauiondoi, unaisukuma ndani ya mikwaruzo unayoichora wewe mwenyewe. Baadaye ukifuta, unafuta ya juu tu.

Ukipaka praima hapo, yaani ile rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine, inakimbia na kuacha vishimo vya mviringo kama punje za dengu, katikati faiba inakuchungulia. Ukirudia, vinafunguka palepale. Au itajifanya imekubali, utume picha kwenye WhatsApp upigiwe makofi, kisha ibambuke mapande mapande kuanzia kwenye mstari wa maji. Hapo unakwangua yote na kununua praima, hadina (dawa ya kugandisha rangi) na rangi upya. Na yule muuza rangi anayewaambia watu "msasa unaondoa kila kitu" atakupokea kwa tabasamu. Kwani atanuna kwa nini? Unanunua mara mbili.

Osha kwa maji na sabuni ya vyombo, suuza, acha ikauke. Nunua dawa ya kuondoa nta na grisi kwenye maduka ya rangi za magari. Petroli wachia gari. Chukua vitambaa viwili vyeupe vya pamba. Fulana za mitumba za Gikomba zinafaa, mradi hazikulowekwa kwenye dawa ya kulainisha nguo. Kimoja kinapaka dawa, kingine kikavu kinaikomba ikiwa bado mbichi, maana ikikauka nta inabaki palepale. Nenda nusu mita kwa nusu mita, ukivuta upande mmoja bila kuzungusha. Kitambaa kikichafuka, tupa, usikionee huruma.

Kisha mwagia maji safi. Yakitanda utando mmoja, sawa. Yakijikusanya matone, rudia.

Sasa ndiyo msasa, na uwe 220. Jelikoti, ile ngozi ya juu ya faiba, ina unene wa kama nusu milimita tu. Namba 80 itakufikisha kwenye nyuzi za faiba kabla hujashtuka. Nyufa zijaze puti ya epoksi, si ile ya polista ya kunyooshea magari, inanyonya maji. Futa vumbi, pitisha dawa na vitambaa tena, mwaga maji tena. Ndiyo, tena.

Praima ya epoksi, kisha rangi ya polyurethane ya kuchanganya na hadina. Na kwa baridi hii ya Julai, anza saa nne asubuhi na usipite saa tisa: umande ukiikuta rangi mbichi, mng'ao umekwenda. Spreya ya rangi hiyo ina sumu ya isosayaneti, na barakoa ya vumbi haiizuii, basi shika rola.

Lakini kabla hujafungua mkebe wowote, weka hapa video ya maji yakitanda.