Mwanya ambao sikuzaliwa nao: bresi kwa Kulwa, na mama yake je?

Swali: Shikamoo daktari. Nina mapacha wa kike wa miaka 13, Kulwa na Doto. Meno ya Doto yamejipanga vizuri. Kulwa chonge yake ya kulia imetokea juu kwenye fizi, imepanda juu ya jino jingine, na siku hizi akicheka anafunika mdomo. Mimi mwenyewe nina miaka 38. Meno yangu ya mbele ya chini yamebanana, na ya juu yameanza kuachia mwanya ambao sikuzaliwa nao. Kuna kijana hapa mtaani anafunga rababendi kwenye mwanya, anasema wiki tatu umekwisha. Naomba kuelewa: jino limeota ndani ya mfupa, linatembeaje bila kung'oka? Kwa nini bresi, hizo waya za kunyoosha meno, zichukue miaka miwili kama rababendi ni wiki tatu? Na mimi je, sijachelewa? – Mama Kulwa, Buswelu, Mwanza

Jibu: Marahaba, Mama Kulwa. Umeuliza mambo matatu, lakini lililonishtua umelitaja kwa kupita tu: huo mwanya ambao hukuzaliwa nao. Nitaurudia, maana ndio unaoamua wewe uanze na nini. Kwanza nikueleze jino linavyotembea, kwa sababu ukishalielewa hilo, habari ya rababendi utaikataa mwenyewe bila mimi kukukataza.

Jino halijapigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi na mfupa kuna nafasi nyembamba, kama robo ya milimita, iliyojaa nyuzi ndogondogo. Nyuzi hizo zimelishika jino kama kamba zinavyoushika mtumbwi uliofungwa pale mwaloni Kirumba: hauendi popote, lakini ukiusukuma unacheza kidogo. Ndizo hizo hizo zinazokushtua ukiuma mwiba wa sato katikati ya tonge, kabla hujajua umeuma nini.

Waya wa bresi ukilisukuma jino, nyuzi za upande linakoelekea zinabanwa na za upande linakotoka zinavutwa. Palipobanwa, mwili unaleta seli za kula mfupa. Palipovutwa, unaleta seli za kujenga mfupa. Kwa hiyo jino linahama na tundu lake: mbele mfupa unaliwa, nyuma unajengwa, na mzizi muda wote uko ndani ya mfupa. Ndiyo maana haling'oki.

Kazi hiyo ina mwendo wake, kama milimita 1 kwa mwezi mambo yakienda vizuri, na kuongeza nguvu hakuongezi mwendo. Kulilaza tu jino la mzizi mmoja upande fulani kunahitaji msukumo wa gramu 50 hivi, uzito wa yai moja la kuku. Ukizidisha sana, vimishipa vya damu vilivyomo katikati ya zile nyuzi vinabanwa mpaka vinaziba. Sehemu ile inakufa, seli za kula mfupa hazina pa kupitia, na jino linagoma kabisa kwa wiki kadhaa. Wakati huo mzizi wenyewe unaweza kuanza kuliwa kuanzia nchani. Kwenye eksirei unauona umekuwa kibutu, kama penseli ya mtoto wa darasa la kwanza.

Sisi tunatumia waya wa mchanganyiko wa nikeli na titaniamu katika miezi ya mwanzo kwa sababu hiyo hiyo. Hata ukiupinda sana, unarudi kwenye umbo lake polepole na kwa nguvu ndogo ile ile, wiki baada ya wiki.

Sasa tuje kwa huyo kijana. Mizizi ya meno ya mbele inachongoka kwenda juu, kama karoti iliyogeuzwa. Rababendi ukiizungusha kwenye meno mawili haikai pale ulipoifunga. Inateleza kufuata wembamba, inaingia chini ya fizi, inaendelea kupanda mzizi na kukata zile nyuzi njiani. Niliwahi kumpokea kijana aliyekuja kwa sababu meno yake mawili ya mbele yalikuwa yamerefuka na yanacheza ukiyagusa kwa ulimi. Nikamuuliza kama aliwahi kufunga chochote. Akasema ndiyo, rababendi, lakini ilikatika yenyewe zamani na mwanya ukafunga vizuri tu. Haikukatika. Nilipofungua fizi nikaikuta imeviringika karibu na ncha za mizizi, na mfupa uliokuwa umezunguka meno yale umekwisha. Mwanya ulikuwa umefunga kweli. Meno yote mawili tuliyang'oa.

Kwa Kulwa, chonge iliyopanda juu mara nyingi haina kosa lolote, imekosa kiti tu. Chonge za juu huota kama miaka 11 au 12, zikiwa karibu za mwisho, na mtu anayefika mwisho kwenye daladala unajua anakaa wapi. Ninachotaka ukumbuke ni hiki: je, Kulwa aliwahi kung'olewa gego la utoto upande ule wa kulia, tuseme akiwa na miaka sita au saba, na Doto hakung'olewa? Gego la utoto likiondoka mapema, gego kubwa la ukubwani lililo nyuma yake linasogea mbele na kuchukua nafasi ile. Milimita 5 au 6 zikipotea huko nyuma, huku mbele chonge inakosa mahali. Wazazi wengi husema meno ya utoto yatang'oka tu, ya nini kuyaziba. Haya ndiyo ya nini. Lingine, nitakuuliza bila kukulaumu: kama akiwa mchanga alipata homa na kuharisha, mkaambiwa ana meno ya plastiki, akachokonolewa fizi, niambie. Pale panapochokonolewa ndipo vinapokaa vichipukizi vya chonge, na wapo watu wazima ninaowaona ambao chonge hazikuota kabisa au zimeota zimeharibika umbo.

Umri wa miaka 13 ni mzuri kwake. Wasichana wengi hukua kwa kasi zaidi kati ya miaka 10 na 12, kwa hiyo kama taya lake lina tatizo lenyewe, mbali na meno, kipande cha ukuaji kilichobaki kinaweza bado kutusaidia, na hapo kuchelewa mwaka mmoja kuna hasara. Kama taya ni zima na shida ni nafasi tu, hamna haja ya kukimbizana. Huenda tukamtoa gego dogo moja au zaidi ili kupata nafasi, huenda tusimtoe. Hilo linaamuliwa na vipimo na eksirei, na ukikutana na mtu anayeamua kung'oa kwa kuangalia mdomo tu, ondoka. Piga hesabu mwenyewe: gego dogo lina upana wa milimita 7 hivi. Chonge ikirudi milimita 1 kwa mwezi, hapo peke yake ni zaidi ya nusu mwaka. Kabla yake kuna miezi ya kulainisha mstari, baada yake kuna kuisimamisha mizizi wima na kurekebisha jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Ndiyo miezi 18 hadi 24 hiyo.

Wewe sasa. Umri hauzuii, seli za kula na kujenga mfupa unazo mpaka uzeeni. Kwa mtu mzima zinachelewa kidogo kuanza kazi, na taya haliongezeki tena, kwa hiyo anayehitaji kurekebishwa taya lenyewe huenda akahitaji upasuaji. Kubanana kwa meno ya chini ya mbele kunawapata watu wazima wengi sana kadiri miaka inavyosogea. Magego ya mwisho yanasingiziwa hilo kila siku, wala si yenyewe.

Lakini mwanya unaofunguka ukubwani ni habari nyingine. Mwanya wa kuzaliwa nao ni urembo, na huwa nawakatalia wanaotaka kuufunga kwa sababu tu wameona picha kwenye simu. Wako umekuja wenyewe. Meno ya mbele yakianza kuachana ukiwa na miaka 38, jambo la kwanza ninalolifikiria ni ugonjwa wa fizi: ugaga umekaa chini ya fizi miaka mingi, mfupa umeshuka taratibu bila maumivu, na meno yamepoteza mshiko, yanasukumwa na ulimi na chakula. Jitazame kesho asubuhi. Je, unatema damu ukipiga mswaki? Fizi zimepanda, meno yanaonekana marefu kuliko zamani? Umewahi kung'oa magego ya nyuma bila kuweka mengine, ukawa unatafunia mbele? Mojawapo likiwa ndiyo, usianze na bresi.

Anza na daktari wa meno wa kawaida. Hospitali za Bugando na Sekou Toure zote zina idara ya meno. Atapitisha kipimo chembamba kati ya jino na fizi, na atakitaja kwa milimita: 1 hadi 3 ni salama, 4 na kuendelea kuna kazi. Mwombe akuoneshe eksirei na mahali mfupa ulipofikia. Utasafishwa ugaga mpaka chini ya fizi, na pima sukari, kwa sababu kisukari kisichodhibitiwa na ugonjwa wa fizi vinabebana. Fizi zikitulia kwa miezi kadhaa, bila damu na bila usaha, ndipo tunazungumzia waya, na hapo msukumo tunaupunguza zaidi kwa sababu mfupa ni mdogo. Ukiweka bresi juu ya fizi zinazoumwa, meno yatasogea kweli, ila mfupa utaharibika kwa kasi zaidi. Rababendi ya kijana wako sina haja ya kuisema tena. Na kama unatumia dawa za mifupa au uliwahi kutibiwa saratani, mwambie daktari kabla, maana zipo dawa zinazozizuia zile seli za kula mfupa.

Maumivu yapo, si makubwa. Yanaanza saa chache baada ya kufungwa waya, yanakuwa makali siku ya pili, na ndani ya wiki yameisha. Parasetamoli inatosha.

Chakula ndicho kinachovunja bresi za huku kwetu. Ugali, samaki, wali, hakuna shida. Matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ndiyo adui, yale makavu ya kuguguna kutwa nzima, pamoja na muwa, mahindi ya kuchoma yaliyokomaa na kufungua soda kwa meno. Braketi, kile kipande kidogo kinachobandikwa kwenye jino kushika waya, ikibanduka, jino lile linasimama mpaka litakapobandikwa tena, na mara tatu nne za hivyo zinakuongezea miezi. Kama mtoto alikulia kwenye maji ya visima vya sehemu za Shinyanga au Simiyu na meno yake yana rangi ya kahawia ya floraidi, gundi inashika kwa shida zaidi. Tujue mapema tuliandae jino vizuri. Usafi nao: mswaki baada ya kila mlo, na kibrashi kidogo cha kupita chini ya waya. Asipofanya hivyo tutafungua bresi tukute meno yamenyooka na yana madoa meupe yenye umbo la mraba, braketi ilipokuwa.

Jambo ambalo wazazi hawaliulizi ni safari. Bresi inaangaliwa kila wiki 4 hadi 8. Wewe wa Buswelu una nafuu. Ninao wanaotoka Ukerewe kwa meli, nauli na siku nzima vinakwenda. Kama Kulwa anaenda bweni, ongea na shule kuhusu ruhusa kabla hujalipa hata senti. Ukiuliza bei, uliza ya kazi yote: vipimo, eksirei, kila hudhurio, braketi zitakazobanduka, na ritena za mwisho (vifaa vya kuyashika meno yaliyonyooka yasirudi), viandikwe kwenye karatasi moja. Uliza pia kama anayekutibu amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kama amesomea kupanga meno. Hakuna daktari wa kweli atakayekasirika.

Ritena nimeitaja mwisho wa orodha, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Nyuzi zinazozunguka shingo ya jino huchukua mwaka au zaidi kujipanga upya, na kabla ya hapo zinalivuta jino kwao. Siku bresi inapotoka ndiyo siku ritena inapoingia, na ya usiku unaivaa miaka, si miezi. Kwa mwanya kama wako tunabandika waya mwembamba nyuma ya meno na unabaki huko. Ya kuvaa na kuvua ina kifo chake cha kawaida: imefungwa kwenye tishu pembeni ya sahani, mhudumu amekusanya vyombo.

Mkija kwa ajili ya Kulwa, njoo na Doto pia. Najua meno yake hayana shida na hatutamfanya chochote. Ila kama ni mapacha wa kufanana, mdomo wake utanionesha taya la Kulwa lingekuwaje lile gego la utoto lisingeondoka, na nitajua nafasi ninayoitafuta ni milimita ngapi.