Maswali na Majibu: Kihesabu hatua cha micro:bit

SWALI: Nina wanafunzi 40 wa darasa la tano hapa Morogoro, micro:bit 8 (vikompyuta vidogo vya kujifunzia kuandika programu) na kompyuta mpakato 2. Intaneti hatuna. Tunatengeneza kihesabu hatua, lakini kompyuta moja haikioni kifaa, na kwenye nyingine hesabu inavurugika ikifika kumi. Tufanyeje?

JIBU: Mwalimu, badilisha waya kabla ya kugusa kitu kingine. Waya nyingi za kuchajia simu hazina nyuzi za data. Umeme unapita, taa inawaka, ila diski ya MICROBIT haitokei kwenye kompyuta. Ikitokea diski inayoitwa MAINTENANCE, kitufe cha nyuma kilibonyezwa wakati wa kuchomeka. Chomoa, uchomeke tena bila kukigusa.

Hesabu kuvurugika kwenye kumi kunaonyesha mmeweka amri ya kuonyesha namba ndani ya bloku ya mtikiso, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi kifaa kikitikiswa. Tarakimu moja inaenea kwenye taa 25 za kifaa. Kuanzia 10 namba hulazimika kupita ikitembea, kwa hiyo hesabu inabaki nyuma ya miguu ya mtoto. Tenganisheni kazi: mtikiso uongeze 1 tu, kitufe A kionyeshe jumla, kitufe B kirudishe sifuri. Kifungeni kifundoni pamoja na kibebeo cha betri. Mkononi mtoto akipunga tu, hatua inahesabiwa.

Kompyuta 2 zinatosha. Gawa vikundi 8 vya watoto watano, na kila kikundi kichore bloku zake kwenye daftari kabla ya kusogelea kompyuta. Dakika 10 kwa kikundi, viwili kwa pamoja, kipindi cha dakika 40 kinawatosha wote. Programu ikishaingia, chomoa waya, weka betri 2 za AAA, watoto watoke uwanjani. Programu haifutiki betri zikitoka. Jumla ya hatua ndiyo inayorudi sifuri, na watoto waambiwe hivyo mapema wasidhani kifaa kimeharibika.

Kuhusu intaneti, washa data ya simu mara moja, fungua MakeCode (tovuti ya kutengenezea programu za micro:bit kwa bloku) kwenye kivinjari cha kila kompyuta na uanzishe mradi. Kisha zima data, funga kivinjari, ukifungue tena uhakikishe ukurasa unafunguka. Fanya jaribio hili siku moja kabla ya kipindi. Mtu akifuta kumbukumbu za kivinjari, itabidi uanze upya.

Wala usihofu kwamba ni wadogo. Uingereza ilipoanza kugawa micro:bit mashuleni mwaka 2016, walengwa walikuwa watoto wa miaka 11 na 12.

SWALI: Vikundi vyetu vinatumiana ujumbe kwa redio ya micro:bit, lakini ujumbe mmoja unafika kwa kila mtu. (Tanga)

JIBU: Vyote viko kwenye namba moja ya kundi la redio. Katika bloku ya kuanzia, kila jozi iweke namba yake kati ya 0 na 255, vifaa viwili vya jozi vikiwa na namba ileile. Ziandike ubaoni, maana watoto wote hukimbilia 1.